Mguu wa Bibi na Kipaza Sauti

Rau, Moshi
6 Agosti 1995

Bibi Salvina, mke wangu wa kwanza, shikamoo.

Kama jana saa tisa alasiri ulikuwa uani ukaona mlima umejifunua mpaka kileleni, usihangaike kumshukuru Mungu. Ni mimi. Nilikuwa juu ya pikapu ya mageuzi, kipaza sauti mkononi, na nilipofungua mdomo tu mlima ukavua wingu kichwani kama mzee anayevua kofia ili asikie vizuri. Watu elfu nne ni mashahidi. Wapo wanaosema elfu tatu, lakini hao walikuwa wamekaa upande wa jua.

Hujambo lakini? Ng'ombe je? Na kile kidonda cha mguuni ulichojikata na jembe, kimekauka? Mimi huku ni mzima, ninakula, ninalala, na misuli imenijaa kwa kusukuma mkokoteni wa mchele kutoka mashine za Mabogini. Mawazo yangu yako kwako tu.

Kilichonishikisha kalamu ni kwamba nimepanda cheo. Efraimu, yule kijana wa kwetu Uru anayepanga mikutano ya mageuzi, alinisikia nikiwapigia watu kelele wapishe mkokoteni, akasema sauti hii haiwezi kuachwa iozee kwenye mchele. Sasa kila Jumamosi na Jumapili mimi ndiye mtangazaji. Mtu aliyeishia kidato cha pili, Bibi. Waliomaliza cha nne wananishikia waya.

Mwezi wa kumi tunapiga kura ya vyama vingi, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nakuomba wewe uliyenilea uachane na ile kadi yako ya kijani. Chama kilichotufundisha kwamba matibabu ni bure leo kimekaa mlangoni pa zahanati na sanduku la pesa. Hilo ndilo neno langu kubwa jukwaani, na watu wanapiga makofi mpaka viganja vinawasha.

Barua hii nampa jirani yako Priska, maana Jumanne anashuka na ndizi sokoni. Na wewe ukijibu mpe yeye.

Mjukuu wako, ngurumo ya Rau,
Lucky


Uru
15 Agosti 1995

Meku, mzee wangu, mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama mbele ya mtu mkubwa kama wewe kunachosha. Mlima siku hiyo ulijifunua saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu ukajifunika. Saa tisa alasiri hapakuwa na mlima. Labda ninyi mlionyeshwa mwingine.

Hatujambo. Ndama ananyonya vizuri. Priska anakuja kila asubuhi kunikatia majani ya ng'ombe na kuniosha kidonda, kwa kuwa mimi nikiinama napata kizunguzungu. Bado kinatoa maji kidogo. Kitapona.

Sasa tuzungumze kama watu wazima, au mimi nizungumze kama mtu mzima na wewe usikilize. Zahanati hiyo unayoitukana kwenye kipaza sauti ina mawe niliyoyabeba kichwani kutoka mtoni mwaka wa sabini na tatu, na babu yako ndiye aliyechanganya udongo. Chama kilituletea bati, saruji na mganga. Kabla ya hapo mwanamke akishikwa na uchungu alibebwa kwa machela mpaka misheni, na wapo ambao hawakufika. Mimi nilikuwa mhudumu pale miaka kumi na saba. Najua ilivyokuwa.

Na najua ilivyokuja kuwa. Bure ilikuwepo, Meku. Dawa haikuwepo. Tulimpokea mgonjwa bure, tukampima bure, tukamwandikia karatasi bure aende akanunue dawa mjini. Mwaka juzi kamati ya zahanati ilipoulizwa kama na sisi tuanze kuchangia kama zinavyofanya hospitali kubwa, mimi nilinyoosha mkono. Tena ni mimi niliyesema msamaha usitolewe ovyo. Asiyejiweza alete barua ya mtendaji wa kijiji, na jina lake lisomwe mbele ya kamati. Zamani barua hizo angeandika balozi wa nyumba kumi, lakini siku hizi balozi ni wa chama tu, na balozi wetu Antoni ninavyomfahamu angewaandikia shemeji zake wote.

Leo kabatini dawa zipo. Huyo bwana wenu atakayerudisha bure, muulize dawa atazitoa wapi. Ukipata jibu niletee, nami nitafikiria.

Kula. Kujisifu na njaa havikai pamoja.

Bibi yako


Rau
24 Agosti 1995

Bibi, shikamoo, na usidhani nimeshindwa.

Huo mlima wa saa kumi na mbili ulikuwa unafanya mazoezi, unasubiri saa yangu.

Ni mzima kabisa isipokuwa dole gumba, gurudumu la mkokoteni lilinikanyaga. Nikalitukana, likaondoka.

Swali lako nimempelekea Efraimu. Amekuna kichwa muda mrefu, halafu akasema dawa zitatoka kwenye mifuko ya walaji. Najua utauliza ni walaji wangapi na mifuko yao ina kina gani. Nilimuuliza hivyo hivyo, akaniambia nimeharibiwa na bibi yangu.

Lakini sikiliza na la kwangu. Pale kwenye mashine ya kukoboa yupo mzee mlinzi, alipata jipu mgongoni kubwa kama kitumbua. Hana pesa, akaambiwa alete barua. Mtendaji wa kwao siku ya kwanza yuko msibani. Siku ya pili yuko semina. Siku ya tatu amerudi, muhuri uko kwa mwenyekiti, mwenyekiti yuko Holili ananunua mafuta ya taa. Siku ya nne jipu lilipasuka lenyewe, ndiyo ikawa matibabu. Kanuni yako hiyo, Bibi, mtu akiwa kwenye kamati anaiona nzuri. Akiwa na jipu anaiona vingine.

Na sipendi kidonda chako kutoa maji mpaka leo. Nenda zahanati. Si ulisema dawa zipo?

Mjukuu wako anayekaribia kukushinda,
Lucky


Uru
9 Septemba 1995

Meku,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa kuwa sikuwa na la kukutania. Huku ni baridi, kahawa inaiva polepole, ng'ombe na ndama ni wazima.

Nilikwenda zahanati kama ulivyosema. Mara mbili za kwanza nililipa, nikasafishwa. Muuguzi ni Beatrice, yule niliyemfundisha kukunja bandeji alipokuwa binti. Akasema mguu umevimba, unataka sindano, na kidonda kisafishwe kila siku mwezi mzima. Kila siku ni pesa, na pesa yangu bado iko mitini, nyekundu nusu. Mara ya tatu nilifika mikono mitupu. Beatrice akainamisha macho. Akasema, "Bibi, kanuni unaijua, lete barua ya mtendaji."

Kanuni ni yangu. Nilikaa kidogo kwenye benchi, nikatazama lile jiwe kubwa pembeni ya mlango, nikasimama nikarudi nyumbani.

Siwezi kwenda kuandikwa kwamba sijiwezi, halafu jina langu lisomwe mbele ya kamati ambayo mimi ni mmoja wao. Watu wanane watanitazama, na mimi wa tisa nitafanya nini, ninyooshe mkono kujipitisha? Kahawa ikiuzwa nitarudi na pesa yangu mkononi.

Jana nilitoa kadi yangu ya Chama sandukuni, ile ya tangu ujana, nikaiweka mezani, nikaitazama mpaka uji ukapoa. Sisemi kitu. Nasema nimeitazama.

Nimekuambia wewe kwa kuwa babu yako nilikuwa namwambia kila kitu, na nafasi yake umeishika wewe, hata kama hujui kuikalia. Usimwambie baba yako, namjua Wenseslaus, ataacha kazi Tanga aje hapa kupiga kelele. Usimwambie mtu yeyote.

Bibi yako


Rau
19 Septemba 1995

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako niliisomea juu ya magunia, mashine ikinguruma. Nilipomaliza, mchele wa watu ukanisubiri mpaka nilipokuwa tayari. Sikukucheka hata kidogo.

Nimempa Priska bahasha yenye vidonge vya rangi mbili, spiriti, pamba na bandeji tatu. Vidonge kunywa asubuhi, mchana na jioni, muuza dawa ameniapia. Ningepanda kuja mwenyewe, ila Efraimu haniachii. Bila mimi mkutano ni watu wamesimama kwenye jua.

Halafu nina habari nyingine, usikasirike kwamba nasifu kipaji changu ukiwa mgonjwa. Jumapili nimewaliza watu. Si akina mama tu, wanaume na kofia zao. Nilizungumza habari za zahanati, uwanja mzima ukatulia kama kanisani kwenye kumega mkate. Nilipomaliza watu walikuja na kadi zao za kijani wakazitupa kwenye ungo, kadi kumi na tisa. Efraimu amesema sijawahi kuongea vile. Kumbe siri ya kuhutubia ni kusema kitu cha kweli. Nilikuwa najichosha bure miezi yote hii.

Hiyo kadi yako iache hapo hapo mezani, usiirudishe sandukuni.

Mjukuu wako,
Lucky


Uru
2 Oktoba 1995

Lucky,

Vidonge nilipata. Asante.

Jana baada ya misa walikuja. Pikapu, bendera, watu kama thelathini, Efraimu akiwa mbele. Waliingia kihambani, katikati ya migomba, mpaka uani kwangu wakaimba. Wakaweka beseni katikati, kila mmoja akatia chochote. Mwanamke nisiyemfahamu akanishika mikono, akaniita kwa jina, akasema, "Pole sana Bibi kwa kurudishwa mlangoni." Alilijua jiwe la mlangoni. Alijua nilikaa benchi. Aliujua na uji uliopoa.

Majirani wote walikuwa wamejipanga nyuma ya uzio wa masale, hakukosekana mtu. Antoni alisimama na mikono mgongoni. Tumekuwa naye kwenye Chama miaka ishirini na mitano, na hakunisalimu.

Niliingia ndani nikafunga mlango mpaka walipoondoka. Beseni nimelirudisha kwa Efraimu na vyote vilivyokuwemo. Kamati nimeacha. Zahanati sitakanyaga tena, hata kahawa ikiuzwa. Nitapitaje pale wote wakijua?

Nauliza neno moja. Habari ya uji, nani aliwaambia?

Bibi yako


Rau
4 Oktoba 1995

Bibi, shikamoo, na pole mara mia.

Nimeisoma mpaka jasho limenitoka. Umeniuliza mimi kana kwamba ni mimi. Bibi, mimi nina mdomo, hilo nakubali, Uru nzima inakubali, lakini ni mdomo wenye mlango. Mimi nilisema habari za zahanati kwa jumla. Mabibi wa Uru wenye vidonda ni wangapi?

Fikiria kidogo. Barua zetu anazibeba nani? Gundi ya bahasha za siku hizi ni mate tu, ukiipulizia mvuke wa chai inafunguka yenyewe. Na Efraimu ni mtoto wa dada yake nani? Wa Priska. Mimi simsemi mtu, nakupa hesabu, ujumlishe mwenyewe.

Nakuomba usiache kutibiwa kwa ajili ya watu. Watasahau wiki ijayo. Hii nampa dereva wa basi la Uru.

Mjukuu wako wa damu,
Lucky


Rau
17 Oktoba 1995

Bibi, shikamoo.

Hii ni ya pili bila jibu. Nampa tena dereva wa basi, maana Priska Jumanne mbili hajanitafuta. Leo nilimfuata sokoni, akanipimia ndizi bila kuniangalia. Nikamuuliza, "Bibi anaendeleaje?" Akasema, "Muulize yeye, mimi siruhusiwi kwake."

Nani anakuosha kidonda? Nani anamkatia ng'ombe majani?

Jumapili nilipanda mpaka kwenye kona ya kanisa. Nikaona moshi wa jikoni kwako. Nikashuka.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata kama ni tusi.

Mjukuu wako,
Lucky


Hospitali, wodi ya wanawake, Moshi
7 Novemba 1995

Mjukuu wangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote nilizokaa nazo bila kujibu. Sista amenipa karatasi na kitabu cha kuandikia juu yake. Ninakula, ninalala. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, Alhamisi iliyopita. Nakuambia mwenyewe ili usilisikie kwa mtu.

Baada ya barua yako nilimfukuza Priska. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii jirani wa miaka thelathini. Aliulaza mundu chini ya mgomba akaondoka. Tangu hapo kidonda nilikuwa nakifunga mwenyewe kwa kupapasa, kwa sababu kuinama siwezi, na kitu usichokiona unajiambia kinapona.

Siku ya kura mguu haukukanyaga chini. Antoni alisikia akaja na kiti cha jikoni kwake, bila kusema lolote kuhusu ile Jumapili. Kunibeba peke yake akashindwa. Efraimu alikuwa anapita. Hao wawili hawasalimiani tangu mwezi wa saba. Wakashika kiti huku na huku, wakanibeba mpaka shuleni, na njia nzima wanagombana. Huyu anasema, "Mzee, punguza mwendo, unambwaga." Yule anasema, "Chama chenu kina haraka kuliko mimi." Nilicheka, nikiwa na homa.

Nikapiga kura. Nilipotoka Efraimu aliona soksi imelowa, akanusa. Wakanipandisha kwenye ile pikapu yenu, bendera ikiwa bado juu, na balozi wa Chama amekaa nyuma amenishika kichwa kisigonge bati. Mtendaji aliandika barua ya msamaha bila kuniuliza. Imeandikwa "asiyejiweza". Sasa ni kweli.

Usiniulize nilimpigia nani. Kura ni siri. Barua nayo nilidhani ni hivyo.

Leo ni siku ya kumi niko hapa. Kutoka Rau ni mwendo wa nusu saa, kwa mtu mwenye miguu miwili. Beatrice alikuja kuniona Ijumaa, akasema alikukuta getini na mfuko wa machungwa, ukageuka. Machungwa yapo hapa. Kama una neno, liandike. Ukiwa mbele ya watu mdomo wako naujua, unakwenda wenyewe.

Bibi yako


Rau
8 Novemba 1995

Bibi, shikamoo.

Hii ni karatasi ya nne. Ya kwanza nilianza kwa kukuambia nimesukuma magunia kumi na mawili peke yangu, nikaichana. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, miguu yote ninayo, na hilo ndilo linalonitesa.

Huku barabarani wanaimba, wanasema kwetu mageuzi wamepata kura nyingi. Efraimu alinifuata twende. Nikamrudishia kipaza sauti chake na waya wake. Hakuniuliza kwa nini. Nadhani siku nyingi alikuwa anajua.

Jana, kabla barua yako haijanifikia, nilipanda Uru kwa miguu. Nilimkuta Priska uani kwako, anakata majani. Tangu siku walipokuleta hospitali yeye ndiye anayemlisha ng'ombe, hakuombwa na mtu. Nikamwambia yale niliyopaswa kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mzigo wa majani akaniambia, "Beba." Nikabeba. Akafunga mwingine, nikabeba na huo. Hajasema kama amenisamehe. Atakuja kukuona kesho, lakini amesema hatapita mlango wa wodi kabla wewe hujasoma hii. Naiacha kwa mlinzi wa geti. Mimi mwenyewe nitakaa hapo nje chini ya ukuta. Ukinitaka nitume sista, usiponitaka nitakuwepo vile vile.

Priska hakufungua bahasha. Barua yako ilinifikia imefungwa kama ulivyoifunga.

Ile Jumapili nilipanda kwenye pikapu nikiwa nayo mfukoni. Nilikuwa nataka kusema mawili matatu tu, bila jina. Lakini watu walikuwa wanaongea wao kwa wao, kule nyuma wengine wameanza kuondoka, mtu mmoja akapiga mwayo kwa sauti akawachekesha wenzake. Wamenizoea, Bibi. Nikaitoa. Niliisoma kuanzia baridi na kahawa mpaka uji uliopoa, na mwishoni nikataja jina lako na kijiji chako. Pale ulipoandika nisimwambie mtu yeyote, nilipaona vizuri kabisa. Nikaruka.

Uwanja ukanyamaza. Halafu wakaanza kulia, watu wazima, wanaulilia mguu wako ambao wakati ule ulikuwa bado unatibika, na mimi juu ya pikapu nilifurahi, Bibi. Nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu.

Mjukuu wako,
Lucky